Fundi Anajibu: Lori Lililokunywa Maji Linawaka, Lakini Je, Limepona?

SWALI: Ndugu Fundi, salaam. Ninamiliki lori la injini ya diseli ya silinda sita, nami ninaishi Kasulu. Mwezi uliopita lori hilo lilikuwa limebeba chumvi kutoka Uvinza kwenda Tabora. Karibu na Nguruka dereva alikuta mchepuo umefunikwa na maji, akaona basi lililomtangulia limevuka salama, naye akaingia. Maji yalipofika usawa wa taa za mbele, injini ilikata ghafla kwa kishindo. Alijaribu kuwasha mara mbili, stata ikagonga tu bila kuzungusha. Trekta lililivuta hadi mahali pakavu, fundi wa pale akafungua nozeli zote (vinyunyizio vya mafuta), maji yakaruka kutoka kwenye silinda, kisha akabadilisha oili na eya klina (chujio la hewa), na injini ikawaka. Tangu siku hiyo lori linawaka kwa shida asubuhi na kutoa moshi mweupe hadi lipate joto, linatetemeka likiwa limesimama, na oili inapungua kuliko zamani. Fundi mmoja wa Kigoma ananiambia ninunue injini nyingine ya mtumba. Mwingine anasema ni nozeli tu. Nimwamini nani, na nitajuaje ukweli kabla sijatoa fedha? – Msomaji, Kasulu.

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa yaliyokupata. Kwanza nakuomba lori hilo lisibebe mzigo tena hadi vipimo nitakavyoeleza viwe vimefanyika. Kuwaka kwa injini baada ya kunywa maji ni dalili njema, lakini hakuthibitishi kwamba ni nzima, na katika maelezo yako kuna jambo moja linalonitia wasiwasi kuliko moshi na mtetemo: injini ilikata ghafla kwa kishindo.

Injini inayozimika majini kwa kukohoa na kupungua nguvu taratibu mara nyingi imekosa hewa kwa sababu karatasi ya eya klina imelowa, au imepata hitilafu ya umeme. Ile inayosimama papo hapo, wakati krenki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ilikuwa inazunguka kwa kasi, karibu kila mara imezuiwa na maji yaliyofika juu ya pistoni. Hewa hukubali kubanwa, lakini maji hayabaniki. Pistoni inapopanda na kukuta maji mengi kuliko nafasi iliyoachwa juu yake, lazima kitu kimoja kishindwe, na mara nyingi kinachoshindwa ni konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki.

Watu wengi hudhani kwamba ili hilo litokee injini lazima imeze maji kwa ndoo. Tufanye hesabu. Chukua injini ya silinda sita yenye ujazo wa lita 7.5. Kila silinda inafagia takriban sentimita za ujazo 1,250. Uwiano wa mgandamizo, yaani hewa hubanwa mara ngapi, ukiwa 17 kwa 1, nafasi inayobaki pistoni inapofika kileleni ni takriban sentimita za ujazo 78 tu, kiasi ambacho hakifiki theluthi moja ya kikombe cha mililita 250. Maji yakizidi kiasi hicho katika silinda moja, konrodi ya silinda hiyo imo hatarini, hata kama nyingine tano ni kavu kabisa. Ndiyo maana kusema kwamba maji yaliyotoka yalikuwa kidogo hakunitulizi.

Sasa tazama moshi wako wa asubuhi. Konrodi iliyopinda hufupika, na pistoni yake haifiki tena pale ilipokuwa ikifika. Katika injini niliyoitolea mfano, yenye mwendo wa pistoni wa milimita 115, konrodi ikifupika kwa milimita moja tu, nafasi ya juu huongezeka kwa karibu sentimita za ujazo 11, na uwiano wa mgandamizo katika silinda hiyo hushuka kutoka 17 hadi takriban 15. Diseli huwashwa na joto la hewa iliyobanwa. Injini ikiwa baridi, silinda hiyo haipati joto la kutosha, mafuta hutoka bila kuungua, nawe unaona moshi mweupe. Ikishapata joto, silinda huanza kufanya kazi na moshi hukoma. Oili nayo hupungua kwa sababu pistoni inayosukumwa na mkono uliopinda hulalia upande mmoja wa silinda, na ringi, yaani pete zinazoizunguka pistoni, hazikai sawasawa. Dalili zako zote zinalingana na maelezo haya.

Hata hivyo, sijasema kwamba fundi wa nozeli amekosea. Maji yanayoingia kwenye tangi la mafuta huharibu nozeli na pampu, na nozeli mbovu nayo hutoa moshi mweupe na mtetemo. Kwa hiyo anza na kipimo chake, maana ndicho rahisi. Tafuta kwanza silinda ipi haifanyi kazi injini ikiwa baridi. Kama lori lako lina pampu ya aina ya zamani, fundi hulegeza nati ya bomba la kila nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiwa inanguruma. Silinda ambayo ikilegezwa mlio haubadiliki ndiyo mgonjwa. Lakini kama injini yako inaendeshwa na kompyuta na nozeli zake hulishwa na bomba moja la pamoja, asithubutu kulegeza chochote injini ikiwa inafanya kazi. Msukumo wa mafuta humo unaweza kuzidi bar 1,000, na mafuta hayo hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Katika injini za namna hiyo silinda dhaifu hutafutwa kwa mashine ya kusomea kompyuta. Silinda ikishajulikana, nozeli yake ibadilishane nafasi na ya silinda nzima. Ugonjwa ukihama pamoja na nozeli, fundi wa pili ameshinda, nawe umeokoa fedha nyingi. Ukibaki palepale, endelea.

Kipimo kinachofuata ni cha kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, kwa geji ya diseli, silinda zote sita, betri ikiwa na nguvu. Usishughulike sana na namba moja moja; linganisha silinda kwa silinda. Tano zikikaribiana na moja ikiwa chini waziwazi, umepata silinda yako, lakini bado hujapata sababu, kwa kuwa vali isiyofunga, ringi zilizovunjika na gasketi ya silinda hedi iliyopasuka nazo hushusha kompresheni. Mafundi wengi huishia hapa na kutoa hukumu. Kipimo kinachotenganisha mambo ni cha urefu.

Nozeli zikiwa nje, na betri ikiwa imetolewa waya, fundi anaingiza fimbo nyembamba ya shaba iliyonyooka kupitia tundu la nozeli hadi iguse pistoni, akiishika imara isije ikatumbukia. Msaidizi anazungusha krenki kwa mkono, kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele, taratibu, hadi pistoni ifike juu kabisa na kuanza kurudi. Pale fimbo ilipopanda kuliko pote, inawekwa alama. Kazi hiyo inarudiwa kwa silinda zote kwa fimbo ileile na kwa pembe ileile. Fimbo ikipanda sawa katika silinda tano na katika ya sita ikaishia chini zaidi, konrodi ya silinda hiyo imepinda. Kipimo hiki hakihitaji kifaa cha gharama. Kinahitaji mikono mitulivu na uaminifu. Simama pale mwenyewe uzitazame alama, ndugu yangu.

Fimbo ya shaba haitaonyesha tofauti ndogo sana. Iwapo alama zinalingana lakini kompresheni ya silinda moja iko chini, silinda hedi ishushwe, na kila pistoni ipimwe kwa geji ya saa (yenye uso na mshale kama saa) jinsi inavyokaa juu au chini ya uso wa bloki. Pistoni za injini moja hupaswa kukaribiana sana. Iliyo chini ya wenzake kwa nusu milimita haina tena la kujadiliwa. Hedi ikiwa chini, tazama pia mstari wa masizi juu ya ukuta wa silinda. Pale ambapo pistoni haifiki tena kileleni, ukanda wa masizi huwa mpana kuliko kwenye silinda nyingine, na hiyo ni alama ambayo hakuna anayeweza kuificha.

Kuhusu injini ya mtumba, maoni yangu ni kwamba ni mapema mno. Konrodi moja iliyopinda hubadilishwa. Haigongwi wala kunyooshwa, kwa maana chuma kilichokwisha kupinda kimepoteza nguvu yake na kitakatika chini ya mzigo. Inapobadilishwa, konrodi zote zitolewe na kupimwa, bolti zake ziwe mpya, na beringi za krenki zikaguliwe. Injini nzima inafikiriwa tu ikiwa bloki imetoboka, silinda imechanika au krenki imeharibika. Injini ya mtumba ina historia ambayo wewe huijui, na hakuna anayekuhakikishia kwamba nayo haikuwahi kunywa maji. Lakini ukiendelea kubeba chumvi kwa konrodi iliyopinda, siku moja itakatika na kutoboa bloki, na hapo fundi wa injini ya mtumba atakuwa sahihi kwa kosa ambalo lingezuilika.

Jambo moja zaidi, maana naona hakuna aliyelitaja. Katika malori ya kabini inayolazwa mbele, bomba la hewa hupanda nyuma ya kabini na mdomo wake huwa juu, mbali na maji ya usawa wa taa. Maji yako yalipita wapi basi? Chunguza mpira wa maungio kati ya bomba la juu na njia inayoelekea kwenye eya klina, ambao huchanika kwa uzee, na kile kimdomo cha mpira kilicho chini ya kopo la eya klina, ambacho mafundi wengi hukitupa kikichakaa. Kopo lenyewe hukaa chini, pembeni mwa chasisi. Kimdomo kikikosekana, maji hayahitaji kufika juu ya kabini. Basi lile lililovuka salama huenda lilikuwa na mipira mizima, hakuna zaidi.

Dereva wako naye umweleze kwa upole kwamba injini ikikata majini, swichi izimwe na stata isiguswe tena. Na lori linapovutwa na trekta, gia iwe huru. Magurudumu yakizungusha injini yenye maji, nguvu yake ni kubwa kuliko ya stata yoyote, na uharibifu ambao mto haukuufanya unakamilishwa na mnyororo.

SWALI: Ndugu Fundi, lori letu lilikuwa limeegeshwa Kibirizi, likiwa limezimwa, mvua kubwa ikanyesha usiku na maji yakalifunika hadi juu ya stata. Maji yamepungua, lakini gari limesimama wiki nzima bila kuguswa. Je, injini imekufa? – Msomaji, Kigoma Mjini.

JIBU: Habari yako ni nzuri kuliko ya ndugu yetu wa Kasulu, kwa kuwa injini iliyozimwa haipindi konrodi yenyewe. Anayeipinda ni mtu atakayeiwasha bila kuangalia. Ondoa waya za betri. Kwa kuwa gari limesimama muda mrefu, maji yaliyoingia kwenye oili yametulia chini, hivyo legeza bolti ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, taratibu sana na uangalie kinachotangulia kutoka. Yakitangulia maji safi kisha oili, maji yaliingia lakini hayakuchanganywa; oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, kuna mtu ameshaijaribu injini. Usitegemee kijiti cha kupimia oili peke yake, kwa sababu hakifiki chini kabisa.

Kisha toa nozeli, mimina oili kidogo katika kila silinda, na uzungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikikwama, usilazimishe. Adui wako sasa ni kutu kwenye kuta za silinda na ringi, naye haendi likizo, kwa hiyo kazi hii ifanyike leo. Stata na alteneta zifunguliwe na kukaushwa, na mafuta yaliyo chini ya tangi na kwenye kikombe cha kuchuja maji yamwagwe kabla pampu haijayavuta.

SWALI: Fundi, injini yangu haikupata maji kabisa, maana nilivuka mto usiofika hata kwenye feni, lakini oili ya difu (kasha la gia kwenye ekseli ya nyuma) imekuwa nyeupe. Imetokeaje? – Msomaji, Sikonge.

JIBU: Difu iliyotoka safari ndefu ina joto, na hewa iliyomo ndani imetanuka. Ikitumbukia kwenye maji baridi, hewa hiyo husinyaa ghafla na kuvuta chochote kilicho karibu kupitia tundu la kupumulia au sili za ekseli. Mwaga oili yote, isukutue kwa oili nyepesi, jaza mpya, endesha siku chache bila mzigo mzito, kisha ukague tena. Ikirudi nyeupe, badilisha mara ya pili. Giaboksi na grisi ya beringi za magurudumu zikaguliwe siku hiyohiyo. Baadaye funga bomba jembamba la mpira kwenye tundu la kupumulia, ulipandishe hadi karibu na sakafu ya bodi, na mdomo wake uuelekeze chini. Na ukifika ukingoni mwa mto na difu yenye joto, simama kwanza ipoe kabla ya kuingia.