Maswali ya Wasomaji: Ng'ombe wa Shangazi na Kazi ya Bibi

SWALI

Mhariri, shikamoo. Bibi yangu mzaa baba amepita miaka themanini, na tangu nilipokuwa mdogo sijawahi kumwona akikosa mkutano wa akina mama hapa Tororo, Uganda. Mwezi uliopita shangazi, bintiye wa mwisho, aliachana na mume wake wa ndoa ya kimila, na wakwe wakaja kudai ng'ombe wote wa mahari. Kaka yangu alishauri tuwarudishe yaishe, akaongeza kwamba usawa wa wanawake ulishaandikwa katika Katiba ya 1995 na hakuna kilichobaki cha kugombania. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akasema kuwa sisi wajukuu tunalima shamba tusilojua lilifyekwa na nani. Naomba unieleze kazi ya kina bibi ilikuwa ipi hasa, na kama imekwisha. Na hao ng'ombe tuwatoe?

Mjukuu, Tororo

JIBU

Marahaba, mwanangu, na bibi nisalimie kwa heshima zote.

Nianze na ng'ombe, kwa kuwa wanaweza kutolewa zizini kabla hujasoma jibu hili. Msiwatoe. Mwezi wa Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika inapingana na Katiba. Kutoa mahari hakukukatazwa, ila aliyekwisha kutoa hana haki ya kudai arudishiwe. Kesi hiyo ilifunguliwa mwaka 2007 na Mifumi, shirika lililozaliwa huko huko kwenu Tororo, likashindwa katika Mahakama ya Katiba mwaka 2010, likakata rufaa na kungoja miaka mingine mitano.

Majaji waliegemea ibara ya 31 ya Katiba, inayompa mke haki sawa na mume ndani ya ndoa na inapovunjwa. Hapo ndipo ninapotofautiana na kaka yako, kwani anaiona ibara hiyo kama zawadi iliyoshuka mwaka 1995, ilhali ilianza kudaiwa kabla wengi wa wajumbe walioipitisha hawajazaliwa au wakiwa bado watoto. Baraza la Wanawake la Uganda, lililoundwa katika miaka ya 1940 na kuwakutanisha wanawake wa asili mbalimbali, lilishughulika kwa miaka mingi na sheria za ndoa na urithi, hasa dhuluma waliyotendewa wajane. Madai hayo yalichangia kuundwa kwa tume ya serikali ya mwaka 1964, chini ya William Kalema, iliyochunguza ndoa, talaka na hadhi ya wanawake na kutoa ripoti mwaka 1965. Mengi ya mapendekezo yake yaliwekwa kabatini.

Mwaka 1972, chini ya utawala wa Idi Amin, Kalema alikamatwa na hakurudi tena. Mjane wake, Rhoda Kalema, ambaye naye alikuwa mmoja wa wanawake wa Baraza lile, hakuiacha kazi. Aliwekwa kizuizini zaidi ya mara moja, akalea watoto peke yake, na mwaka 1994 akaketi katika Bunge la Katiba, miaka thelathini baada ya tume ya mumewe kuanza kazi. Alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 94. Kila ninapoyafikiri maisha hayo naona uzito wa maneno ya bibi yako.

Rika lililomfuata lilikuwa la kina Miria Matembe na Mary Maitum, wanawake wawili pekee katika tume ya watu 21 iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu Katiba. Ibara ya 33, inayotamka kwamba mwanamke ana utu kamili na sawa na mwanamume na kukataza mila zinazomdhalilisha, ilitokana na kazi ya namna hiyo.

Je, kazi ilikwisha? Sheria ya Talaka ya mwaka 1904 ilimruhusu mume kumwacha mke kwa uzinzi peke yake, lakini mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Ubaguzi huo uliendelea kutumika miaka tisa baada ya Katiba mpya, hadi wanasheria wanawake wa chama cha FIDA walipoushinda mahakamani mwaka 2004. Mwaka 1998 Matembe alipigania kifungu cha mke na mume kumiliki ardhi pamoja, Bunge likakikubali, kisha sheria ilipochapishwa kifungu hakikuonekana! Mwaka 2004 ndipo sheria ilipoimarisha ulinzi wa ardhi ya familia, isiuzwe bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Urithi ilirekebishwa mwaka 2022, na miswada ya ndoa na talaka imekwama bungeni mara nyingi tangu ripoti ile ya 1965.

Kwa hiyo nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, pamoja na shangazi, mkamweleze uamuzi wa 2015, na wakwe wakishikilia madai yao, tafuteni FIDA, ambao huwasaidia wanawake wasio na uwezo wa kulipa wakili. Kaka yako naye aende. Jioni mtakaporudi, mwombe bibi akutajie majina ya wanawake aliokuwa akikaa nao mikutanoni, nawe uyaandike.