Wewe Usiyeona, Kaa Mwenyewe Mbele ya Kibodi

Kama huoni, usimwachie fundi kompyuta yako asubuhi akuwekee mfumo mpya, kisha urudi jioni kuichukua. Mafundi wa hapa Lubumbashi kazi wanaijua, tena sana. Ila mashine inarudi bubu: NVDA, programu inayotusomea skrini kwa sauti, imefutwa, akaunti imefunguliwa kwa jina alilolipenda fundi, neno la siri analo yeye. "Papa, iko tayari," anakuambia, na kwa macho yake ni kweli iko tayari. Mimi pia sioni, na siku hizi ninaiweka mifumo hii mwenyewe.

Maswali yamekuwa mengi tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi za mitumba tunazonunua mjini haziipokei Windows 11, kwa hiyo watu wanaanza kuulizia Linux. Nitaifikia.

Kama Windows yako bado inawaka na inasema, usihangaike na flashi. Pakua faili ya ISO, yaani mfumo mzima ndani ya faili moja, ifungue ukiwa humohumo ndani ya Windows, halafu endesha setup. NVDA itakusomea maswali, na ukichagua kubakiza faili na programu zako, utaikuta palepale kazi ikiisha. Katikati patakuwa na kimya kirefu mashine ikijizima na kuwaka. Weka kiganja ubavuni mwa kompyuta, pale feni inapotolea hewa: ukisikia joto, kazi inaendelea.

Flashi ni ya mashine iliyokufa kabisa. Huko nako Windows ina msomaji wake, Narrator: bonyeza Ctrl, kitufe cha Windows na Enter kwa pamoja. Tatizo ni kwamba mazingira yale ya kuanzia mara nyingi hayana draiva, ile programu ndogo ya kuendesha sauti ya mashine yako. Narrator huenda amewaka kweli, lakini husikii kitu.

Kwa upande huu Debian, mojawapo ya zile Linux, imewapita wote. Tangu toleo la 6, la mwaka 2011, kisakinishi chake kinaweza kusema. Menyu ya kuanzia ikifunguka unasikia mlio: mmoja kwa mashine za BIOS ya zamani (programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya mfumo), miwili kwa zile za UEFI, mrithi wake. Hapo unabonyeza s, kisha Enter, unangoja sauti. Kibodi zetu ni za Kifaransa, AZERTY, na kisakinishi kinaanza kikidhani unatumia ya Kimarekani, lakini bahati nzuri s haihami kati ya kibodi hizo mbili. Kama kompyuta ina kadi zaidi ya moja za sauti, itajaribu kila moja, nawe utabonyeza Enter utakapoisikia. Sauti inaanza kwa Kiingereza. Ngoja itaje Kifaransa, andika namba yake bila kushika Shift, na kuanzia hapo inakuuliza kwa Kifaransa. Maswali mengi ni orodha zenye namba. Hakuna kipanya, hakuna kubahatisha.

Chukua ile picha kubwa ya DVD, yaani ISO yenye vitu vyote ndani, si ile ndogo inayopakua kila kitu kutoka intaneti katikati ya kazi. Megabaiti zetu tunazijua bei yake, na umeme nao haukuagi unapoondoka. Betri ikiwa imechoka, usianze.

Kizuizi kinachobaki ni BIOS yenyewe, ambayo haisemi. Ujanja upo: ukiwa ndani ya Windows, shikilia Shift huku ukichagua kuwasha upya. Menyu itakayofunguka, Narrator anaweza kuisoma kama sauti inatoka, na kwenye mashine za UEFI unaweza kuchagua hapo iwake kutoka kwenye flashi. Secure Boot, kinga inayozuia mifumo isiyotambulika isiwake, iache ilivyo, Debian inaikubali tangu toleo la 10. Windows ikiwa haiwaki kabisa, basi mara tu unapowasha bonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP, na mtu wa kukusomea. Kamera ya simu na Be My Eyes, programu ya kuwaomba wanaoona wakusomee, vinaweza kusaidia. Mtoto wa jirani anafanya haraka zaidi.

Swali la kuogopwa ni la kugawa diski. Hapo usisikilize jina, sikiliza ukubwa. Flashi ni ya gigabaiti 16, diski ni 320 au 500, masikio hayawezi kuchanganya. Ukimaliza hapo, yaliyobaki ni mepesi, na mfumo mpya utaamka ukisema, kwa sababu sauti uliyotumia kusakinisha inahamia humo.

Na wewe fundi, ukiletewa kazi hii, andaa flashi, msomee mteja hiyo BIOS, kisha mpe kiti chako na hedifoni. Neno la siri aliandike mwenyewe. Malipo yako mtozee yaleyale.