Gayogayo na Macho Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, sokoni nilionyeshwa samaki bapa wawili waitwao gayogayo, mmoja mwenye macho upande wa kulia na mwingine upande wa kushoto. Je, ni aina mbili tofauti, nao huishi wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, wote wawili wanaweza kuwa wa aina moja, Psettodes erumei, anayepatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi Japani na Australia. Samaki bapa wengi huwa na macho upande mmoja unaojulikana kwa kila aina, lakini gayogayo hana upande maalumu. Anapoanguliwa huwa na jicho moja kila upande kama samaki wengine. Baadaye, akiwa bado mdogo mno, jicho moja huhama taratibu, na kwa gayogayo safari hiyo huishia karibu na utosi, jambo ambalo mimi hulistaajabia kuliko yote, kwani ni kana kwamba badiliko lenyewe limekomea njiani.

Makazi yake ni sakafu ya bahari yenye mchanga au tope, kwa kawaida katika kina kisichozidi mita 100, ambako hujilaza kimya, rangi yake ya kahawia ikimficha, akiwavizia samaki wadogo ili awanase kwa kinywa chake kipana chenye meno makali. Anaweza kufikia urefu wa sentimita 64.

Ukitaka kumtambua kwa hakika, litazame pezi la mgongoni: halianzii kichwani kama la samaki bapa wengine, bali nyuma kabisa ya macho.