Jibu: Kabla ya kulipa, uliza utepe ulikuwa wa nani

Ndugu yangu uliyekuta santuri ya sauti za ajabuajabu kwenye kasha la marehemu mjomba wako huko Jinja, na sasa unataka dakika tatu zake kwa filamu yako: usitume hela kwa mtu yeyote kwanza. Ada ya ujinga mimi nimeshailipa, wakati natengeneza sauti za onyesho la dansi hapa Kampala.

Santuri yangu ilikuwa ya Uingereza, ya 1974. Mtu mmoja na mashine mbili za kanda, anakata utepe kwa wembe, anaunganisha, anaupiga kinyumenyume. Wachezaji wangu walisema ni jenereta inayokata roho. Nyuma ya jalada palikuwa na alama mbili, © na ℗. Ile ya kwanza ni ya picha na maandishi ya jalada. Ya pili ndiyo ya rekodi yenyewe, na pembeni yake huwa pana mwaka na jina la mwenye haki wa wakati ule. Wa wakati ule, si wa leo.

Jina lilikuwa la kampuni ndogo. Nikaingia Companies House, daftari la makampuni la kule, kutafuta ni bure, nikakuta ilifutwa zamani. Nikashangilia. Kumbe kule mali ya kampuni iliyofutwa bila kugawiwa humwangukia Mfalme, na hakimiliki nayo ni mali.

Nikiwa bado nahangaika, nikapata lebo moja ya Ulaya, yaani kampuni ya kutoa santuri, iliyoitoa upya santuri hiyo. Walinijibu upesi mno: rekodi ni yetu, lete euro mia tatu. Nikatuma nusu, ndipo nikakumbuka kuomba karatasi inayowapa haki hiyo. Ilikuja wiki tatu baadaye: kibali cha kufyatua santuri mia tano, basi. Hakuna neno jukwaa wala filamu. Hela yangu haijarudi hadi leo.

Aliyenifungua macho ni mwanasheria mmoja mzee. Aliniuliza, "Utepe ulikuwa wa nani?" Nikadhani ananitania. Lakini sheria ya Uingereza ya 1956, iliyotumika kwa rekodi za kule za kuanzia 1957 hadi 1989, ilimpa haki ya rekodi yule aliyemiliki utepe wenyewe siku ya kurekodi, isipokuwa kama mtu mwingine aliagiza kazi na kuilipia. Kwa muziki wa majaribio hili ni zito, maana wengi walifanyia kazi zao kwenye studio za redio na vyuo vikuu, kwa utepe usio wao. Utunzi unaweza kuwa wa mtunzi, rekodi ikawa ya studio. Hapo unaomba ruhusa mara mbili. Na kama ni wapigaji wanne waliobuni papo hapo bila nota, utunzi ni wa wote wanne, hata yule waliyegombana naye.

Mtu wangu alirekodi nyumbani, kwa utepe alioununua mwenyewe. Kampuni aliipa kibali cha miaka kumi tu, kwa hiyo haikuwa na kitu cha kumwachia Mfalme. Haya nilielezwa na binti yake. Maktaba inayotunza karatasi za mzee ilikataa kunipa anwani, lakini ilikubali kumpelekea barua yangu. Hakutaka senti. Alitaka jina la baba yake liandikwe bila kosa.

Kuhusu miaka: sheria yetu ya 2006 inalinda rekodi kwa miaka 50, na utunzi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 juu yake. URSB, ofisi ya usajili ya hapa Uganda, usiitegemee sana kwa hili, hakimiliki huwepo hata bila kusajiliwa. Ila filamu ukiiweka mtandaoni itaonekana na Uingereza, ambako rekodi iliyotolewa 1974 inalindwa hadi mwisho wa 2044. Kama yako ni ya Marekani, ya kati ya 1957 na 15 Februari 1972, hesabu ni ndefu zaidi: hadi 15 Februari 2067.

Sasa geuza santuri kwenye mwanga. Karibu na karatasi ya katikati, pale pasipo na muziki, pana herufi na namba zilizochongwa. Hizo, ukizilinganisha kule Discogs, tovuti yenye orodha ya santuri, zitakuonyesha kama ni toleo la kwanza au la marudio. Zipige picha uziweke hapa, pamoja na mgongo wa jalada. Pande zote mbili, tafadhali.