Uhariri wa majarida ya tiba na bado uko kliniki? Inawezekana, lakini anzia hapa

Daktari aliyeuliza kama daktari wa familia anaweza kusomea uhariri wa majarida ya tiba bila kuacha wagonjwa, inawezekana kabisa, ila naona wengi hapa wamekutuma NEJM na JAMA, majarida makubwa ya tiba ya Marekani. Feloshipu zao, yaani mafunzo ya uhariri, ni nzuri, sikatai, lakini ni mwaka mzima wa kazi ya kutwa Marekani, sasa wewe uko na kliniki Donholm, rent na skuli fees, utamwachia nani hao wagonjwa wako wa presha na sukari?

Inayofanana na maisha yetu ni feloshipu ya American Family Physician (AFP), jarida la madaktari wa familia wa Marekani, inaitwa kwa jina la Jay Siwek aliyekuwa mhariri wao miaka mingi hadi 2018. Hiyo ni ya pembeni, unaendelea na kazi yako. Lakini soma masharti vizuri kabla hujajipa matumaini, wanatafuta kwanza daktari wa familia wa kwao.

Mimi nilianzia kwa kurivyu, yaani kusoma na kukosoa miswada ya wengine kabla jarida halijaichapisha, na bado naamini ndio shule yenyewe. African Journal of Primary Health Care & Family Medicine liko tangu 2009, linasomwa bure, na makala mengi ni ya watu kama sisi. Unajisajili, unaandika fani yako, unangoja. Hakuna pesa, nikwambie mapema. Utamu unakuja mhariri akishaamua, mara nyingi unatumiwa maoni ya yule mwingine aliyerivyu mswada huo huo, hapo unakaa chini unalinganisha, unaona yeye ameuliza mbona wagonjwa waliopotea katikati ya utafiti hawajahesabiwa na wewe ulikuwa unahangaika na koma. Hiyo hakuna kozi itakupa.

Halafu usijidharau eti wewe si profesa. Kuna kitu wahariri wanaita POEM, yaani ushahidi unaomgusa mgonjwa mwenyewe sio namba za maabara tu, na hiyo ndiyo kazi yetu kila siku. Angalia ACCORD ya 2008, utafiti wa wagonjwa wa sukari, walishusha HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu, kwa nguvu, namba zikapendeza, na vifo vikaongezeka mpaka wakasimamisha upande huo mapema. Mtu wa kliniki akisoma mswada unaosifu namba anauliza mara moja, na mgonjwa je? Mhariri anatafuta mtu wa kuuliza hivyo. AFP wenyewe wanapanga kila pendekezo A, B au C kwa mfumo wa SORT, A likiwa lenye ushahidi wa nguvu zaidi, na C ni pamoja na ushahidi wa namba za aina hiyo.

Za bure onlaini zipo, AuthorAID, mtandao wa kusaidia watafiti wa nchi zinazoendelea, wamekuwa na kozi za uandishi wa utafiti, na mtandao wa EQUATOR wana orodha za mambo ambayo ripoti ya utafiti inapaswa kueleza, anza na CARE ya ripoti za mgonjwa mmoja, ni fupi.

Na zile imeili za "Dear Esteemed Professor" zinazokukaribisha kwa bodi ya wahariri halafu kuna ada kidogo, futa. Mhariri halipii kiti. Jarida ukilitilia shaka angalia kama ni mwanachama wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, ingawa hata hiyo si kinga kamili.

Ukiandikia mhariri kuomba kurivyu usimpe sivii ya kurasa sita, mwambie mambo mawili unayoyajua sana, mimi niliandika presha na afya ya mama, na useme ni wiki gani huwezi. Akijua huna nafasi anatafuta mwingine mapema, ukinyamaza na mswada ndio hatakuita tena.