Maswali na Majibu: Usajili wa NBA Hauendi kwa Hela ya Tajiri Peke Yake

Wasomaji wengi wanaiangalia NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kwa macho ya usajili wa Simba na Yanga, na maswali yanajirudia. Naanza na linalojirudia kuliko yote.

Boston walichukua ubingwa 2024, mwaka uliofuata wakavunja kikosi. Tajiri si angeongeza hela tu? (Msomaji, Mwanza)

Hapana, na naomba swali hili tulizike leo. NBA haina ada ya uhamisho. Mchezaji mwenye mkataba hanunuliwi. Anabadilishwa kwa mchezaji mwingine au kwa haki za drafti, yaani zamu za kuchagua chipukizi wanaoingia ligini kila mwaka. Anayesajiliwa moja kwa moja ni mchezaji huru, aliyemaliza mkataba au kuachwa, na mshahara wake lazima uingie kwenye hesabu. Kwa msimu wa 2025/26 ukomo wa jumla ya mishahara ya timu ni dola milioni 154.6, kodi ya anasa (anayolipa mwenye timu kwa kuzidisha mishahara) inaanza milioni 187.9, mstari wa kwanza wa adhabu uko milioni 195.9 na wa pili milioni 207.8.

Ukomo wenyewe unavukwa kihalali, na timu nyingi huuvuka. Unaobana ni ule mstari wa pili, uliokuja na makubaliano ya 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji. Ukiuvuka, huwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili umpate mmoja mkubwa. Huwezi kutoa fedha taslimu kwenye mabadilishano. Mchezaji huru wa timu nyingine unampata kwa kima cha chini tu. Hata haki yako ya drafti ya raundi ya kwanza ya miaka 7 mbele inafungiwa. Hapo utajiri wa mwenye timu hausaidii chochote.

Boston walikuwa na Jayson Tatum mwenye mkataba wa milioni 314 na Jaylen Brown wa milioni 285, kisha Tatum akakatika kano ya kisigino Mei 2025. Jrue Holiday akaenda Portland, Kristaps Porzingis akaenda Atlanta, Al Horford na Luke Kornet nao wakaondoka. Inauma, lakini walifanya sahihi. Kubaki juu ya mstari huku nyota wako anajiuguza ni kulipa kodi ya ubingwa ambao huwezi kuushindania.

Haki za Bird ni nini? (Wengi)

Mchezaji akitimiza misimu 3 bila kuachwa wala kuhamia kwingine akiwa huru, timu yake inaweza kumlipa hadi kiwango chake cha juu hata kama imeshavuka ukomo. Kwa misimu 2 haki inapungua. Kwa msimu 1 karibu haipo. Kubadilishwa kwenda timu nyingine hakuifuti. Tafadhali lishikeni hili, majibu mengi ya hapa chini yanalitegemea.

Toronto walikosea wapi kumwachia Bismack Biyombo mwaka 2016? (Ndugu wa Lubumbashi)

Hawakukosea, ndugu yangu. Najua kijana wenu alivyocheza: rebaundi 26 katika mchezo mmoja dhidi ya Cleveland kwenye fainali ya Mashariki. Lakini alikuwa amekaa Toronto msimu mmoja tu, kwa mshahara usiofika milioni 3. Haki waliyokuwa nayo juu yake iliwaruhusu kumwongezea asilimia 20. DeMar DeRozan walikuwa na haki zake zote, wakampa milioni 139 kwa miaka 5, na nafasi ya mishahara chini ya ukomo ikaisha. Orlando wakampa Biyombo milioni 72 kwa miaka 4. Yeye alifanya vizuri kuzichukua.

Waliokosea ni Orlando, na hawakuwa peke yao. Kiangazi kile ukomo uliruka kutoka milioni 70 hadi milioni 94 kwa mara moja, kwa sababu ya fedha mpya za televisheni. Karibu kila timu ikawa na nafasi, na fedha zikaishia kwa wachezaji wa kiwango cha kati. Lakers walimpa Timofey Mozgov milioni 64 na Luol Deng milioni 72, wote miaka 4. Mwaka 2018 Biyombo alibadilishwa kwenda Charlotte, na Orlando wakampokea Mozgov, ambaye hakuwachezea hata mchezo mmoja. Deng, mzaliwa wa Sudan Kusini, aliachwa mwaka huohuo na malipo yake yakasambazwa hadi msimu wa 2021/22, wakati alikuwa ameshastaafu tangu 2019.

Hili nitaendelea kulisema kila Julai hadi lisikike. Mshahara wa nyota una dari, asilimia 25, 30 au 35 ya ukomo kulingana na miaka yake ligini, na nyota wa kweli huzalisha zaidi ya hapo. Kinachoua timu ni mchezaji wa kiwango cha kati aliyepewa miaka 4. Mkisikia usajili mpya, ulizeni miaka kabla ya kuuliza milioni.

New York walimwachiaje Isaiah Hartenstein? (Nairobi)

Alikuwa na misimu 2 pale, kwa hiyo haki zao za Bird zilikuwa pungufu. Kiwango chao cha juu kilikuwa kama milioni 72.5 kwa miaka 4. Oklahoma City walikuwa na nafasi, wakampa milioni 87 kwa miaka 3, na mwaka 2025 akavaa pete ya ubingwa. Nafasi hiyo ilipatikana kwa kuwa Chet Holmgren na Jalen Williams walikuwa bado kwenye mikataba ya kwanza ya waliochaguliwa kwenye drafti, yenye mishahara midogo. Ndiyo maana nalalamika timu zinapogawa haki za drafti kama njugu.

Kwa nini mchezaji mzuri anakubali kusaini mwisho? (Dada wa Mombasa)

Swali zuri kuliko yote wiki hii. Mchezaji anayemaliza mkataba bado anahesabiwa kwenye mishahara kwa kiasi maalumu hadi asaini au timu iachane na haki zake. Mwaka 2015 Kawhi Leonard alihesabiwa kama milioni 7 tu, ingawa kila mtu alijua atalipwa kiwango cha juu. Timu yake, San Antonio, wakamwomba asubiri. Wakamsajili kwanza LaMarcus Aldridge kwa milioni 80, halafu wakavuka ukomo kumlipa Kawhi kwa haki za Bird. Mpangilio ungegeuzwa, Aldridge asingeingia.

Wachezaji wote si wafanye kama Jalen Brunson, wapunguze mshahara? (Dodoma)

Brunson alisaini milioni 156.5 mwaka 2024 badala ya kusubiri mwaka mmoja aombe milioni 269. Ni uamuzi wake na namheshimu. Lakini kuugeuza kuwa wajibu ni kumdai mchezaji alipie makosa ya uongozi. Goti linaweza kuisha kesho.

Hasheem Thabeet alipunjwa? (Dar es Salaam)

Hapana. Alichaguliwa wa 2 kwenye drafti ya mwaka 2009, na mshahara wa nafasi ya 2 umepangwa na ligi kwenye jedwali.

Timu haiwezi kuahidi kwa siri kwamba italipa baadaye? (Kigali)

Minnesota walijaribu na Joe Smith. Alisaini mikataba midogo ya mwaka mmojammoja, huku pembeni kukiwa na ahadi ya maandishi ya mkataba mnono akishatimiza misimu ya haki za Bird. Mwaka 2000 ligi ikagundua: faini ya milioni 3.5, mkataba ukafutwa, na haki 5 za drafti za raundi ya kwanza zikachukuliwa, ambapo 2 zilirudishwa baadaye. Nyota wao Kevin Garnett, aliyekuwa kwenye kilele cha uwezo wake, aliendelea kutolewa raundi ya kwanza ya mtoano kila mwaka hadi 2003.