Muulize fundi redio: kaseti inavuta, usikimbilie kubadili mota

Fundi habari za kazi. Nimenunua redio kaseti ya mtumba ya Japani hapa Tunduma, spika nne, nzuri mno. Nilivyoichomeka tu kwenye umeme ikatoa moshi afu kimya. Kwa mawe nane inapiga vizuri ila FM inashika stesheni moja mbili tu. Ndo imeungua yote?

Haijaungua yote ndugu yangu, ingekuwa imeungua yote isingepiga kwa mawe. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230, kwa hiyo transfoma, kile kinachopunguza umeme kabla haujaingia kwenye redio, ilipokea zaidi ya mara mbili ya ilichozoea. Geuza redio usome kibandiko cha nyuma, ukikuta AC 100V peke yake na hamna kiswichi cha kuchagua 110 au 220, basi usiichomeke tena moja kwa moja hata siku moja. Transfoma nyingi zina fyuzi ya joto iliyofichwa ndani, chini ya ile karatasi iliyozungushwa juu ya nyaya, fundi wako apime kwa mita upande unaoingia umeme na kama haupitishi hapo ndo pamekatika. Ukiweka transfoma nyingine iwe ya kuingiza 230 na kutoa volti zilezile ilizokuwa inatoa ya zamani.

Kama nyumbani una betri ya sola ya volti 12, jibu unalo hapohapo, maana mawe nane kila moja volti 1.5 ni 12 hizohizo. Ilishe kwenye tundu la DC, waya uwe na fyuzi, na kabla ya kuchomeka angalia kamchoro kaliko pembeni ya tundu kanakoonyesha chanya iko kati au nje, za Kijapani nyingi katikati ni hasi na ukigeuza unaiua kweli. Redio ya mawe sita ni volti 9, hiyo usiipe betri ya sola.

FM siyo ugonjwa. FM ya Japani ilikuwa inaanzia 76 na kuishia 90, yetu inaanzia 87.5 hadi 108, we unapata kale kakipande kanakogusana tu. Kuna mafundi wanagusa koili, zile nyaya ndogo zilizoviringishwa ndani, ili FM ipande, mi kwa redio inayopiga vizuri hivyo nisingeruhusu mtu aziguse. Kama ina tundu la LINE IN nyuma, lile la kuingizia sauti kutoka nje, chomeka simu, usikilize stesheni zako kwa intaneti.

Kamwene fundi. Niko Iringa. Mawe yalisahaulika ndani ya redio, yamevuja, springi zina ukijani na redio haiwaki.

Kamwene. Mawe ya kawaida ya dukani yakivuja yanatoa kitu chenye asidi, kwa hiyo chukua baking soda ya mandazi, loweka kidogo kwa maji, paka kwa mswaki wa zamani. Kama yalikuwa yameandikwa alkaline ni kinyume chake, hapo tumia limau au siki. Futa, kausha kabisa, afu piga msasa laini mpaka chuma king'ae. Ikigoma bado, vuta kidogo ule waya uliochomelewa nyuma ya springi, mara nyingi umeliwa ndani ya ganda lake na kwa nje unaonekana mzima.

Fundi, Makambako hapa. Nikigusa voliumu inakwaruza, na spika ya kushoto inakata kata.

Uchafu huo. Nunua kontakti klina, ile dawa ya kopo ya kusafishia swichi, redio ikiwa imezimwa puliza ndani ya voliumu na uizungushe mwanzo mwisho mara 30. Puliza pia ile swichi ndefu ya kurekodi iliyo kwenye bodi, bonyeza na kuachia rekodi mara nyingi bila kaseti ndani, hiyo swichi ndo inayokata spika watu wakidhani spika imekufa. Usitie mafuta ya cherehani, yanakusanya vumbi.

Shikamoo fundi. Niko Tukuyu, nina redio kaseti ya marehemu baba. Redio inashika vizuri ila kaseti inaimba kwa kuvuta, sauti nzito, na juzi imetafuna kaseti. Fundi wa huku anasema mota imekufa. Nina kaseti ya kwaya ya mwaka 1988 ambayo mama anaimba, naye hayupo tena, naogopa kuiweka.

Marahaba mwanangu, na umefanya vizuri sana kuogopa. Hiyo kaseti ya mama isiingie humo mpaka nikwambie.

Mota iliyokufa haizunguki, yako inazunguka. Fungua skrubu za nyuma, piga picha kwa simu kila hatua ujue waya gani ulikuwa wapi, afu tafuta belti, ule mpira mwembamba unaotoka kwenye mota kwenda kwenye gurudumu zito la chuma. Utaukuta umelegea kama uzi wa soksi iliyochoka, au umeyeyuka kabisa umekuwa lami nyeusi inayonata vidoleni, mpira wa miaka ya 80 ndo unavyoishia. Itoe hiyo lami yote kwa pamba na spiriti ya duka la dawa, ikibaki hata kidogo kwenye mfereji wa gurudumu sauti itayumba. Belti ikishatoka, bonyeza plei usikilize mota peke yake, ikizunguka kwa ulaini bila kukwama ni nzima na fundi wako alikosea.

Kupata saizi zungusha uzi pale belti inapopita, pima, afu chukua belti fupi kidogo, kama uzi ni sentimita 20 tafuta ya 19. Usikate tyubu ya baiskeli, unene wake haulingani na wimbo utakuwa unapanda na kushuka.

Sasa kutafuna. Kijiti cha chuma na kigurudumu cha mpira vinausukuma utepe kwa sentimita 4.76 kila sekunde, na kuna kizungushio cha kuupokea. Belti ikilegea kizungushio kinasimama ila kijiti kinaendelea kusukuma, utepe unakosa pa kwenda unajizungusha kwenye kigurudumu. Kwa hiyo safisha kijiti na hedi, kale kachuma kanakosoma utepe, kwa spiriti, kigurudumu cha mpira kioshe kwa maji na sabuni, halafu weka kaseti usiyoijali na uiache iimbe upande mzima. Kama mwendo haujakaa sawa, mota nyingi zina katundu nyuma na ndani yake kaskrubu kadogo, kaguse kidogo kidogo huku wimbo uleule unaimba kwenye simu.

Kaseti ya mama nayo ina yake, Tukuyu kuna unyevu. Iangalie kwenye kidirisha, ukiona weupe kama unga ni ukungu, usiipige, ilete kwa fundi wa kaseti. Ikiwa safi vunja vile vimeno viwili vya juu ili rekodi isikubali kubonyezeka, izungushe kwa kalamu ya biki mpaka mwisho na kurudi, taratibu, ili utepe ulioganda uachie. Waya utoke tundu la hedfoni uende kompyuta, na siku hiyo anza kurekodi kwenye kompyuta kabla hujabonyeza plei.